Mwaka Tulipofyeka Mafunjo

Godelive alinipigia simu Jumamosi asubuhi kuniambia baba yake amefariki. Jambo la kwanza nililojiuliza, na naona haya kuliandika, halikuwa mzee amekufa vipi, bali kwa nini wanipigie mimi. Tulikuwa hatujaonana zaidi ya miaka kumi. Nilimpa pole, nikamsikiliza akilia, na huku akili inapekua: wanataka mchango, wanataka gari, au wamesikia jambo? Ndivyo nilivyo. Mtu akinisalimia kwa furaha mno namtazama mikono. Binti yangu hunitania kwamba nikifika mbinguni nitamwomba malaika kitambulisho kabla sijaingia. Nacheka naye, lakini sikuzaliwa hivi. Kushuku nilijifunza kama watu wanavyojifunza ushonaji, mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, katika karakana ya Mzee Ladislas kando ya ziwa lililokuwa bondeni, chini ya kilima cha Gisozi, Kigali. Sasa yeye ndiye aliyekuwa amekufa, na mimi nilikuwa na jambo lake ambalo nilikuwa sijamwambia.

Ziwa lenyewe Mungu aliliumba kwa msaada wa wafyatua matofali. Wenyeji walisimulia kwamba zamani watu walichimba udongo pale, wakaondoka wakiacha mashimo, mvua ikayajaza, mashimo yakaungana. Mafunjo yakaota pembeni mwake pande zote, marefu kupita mtu, na ndege wakaja bila kualikwa. Lilikuwa ziwa dogo. Ungelizunguka kwa miguu ukarudi viazi vyako havijaiva. Lakini lilikuwa na samaki, na maji yake yalikuwa meusi ya kung'aa, meusi ya kina si ya uchafu. Karakana ilikuwa ukingoni kabisa, mabati matatu na nguzo, na nyuma yake stoo ndogo yenye kufuli. Kazi yangu ilikuwa kupiga msasa na kupaka vanishi. Nywele zangu zilinuka vanishi hata kanisani, na shangazi yangu, ambaye nilikuwa nikikaa kwake huko juu kilimani, alisema kwa harufu ile sitapata mume labda awe kitanda.

Mzee Ladislas alikulia Bujumbura na alizungumza Kiswahili cha huko, cha kupapasa maneno kwanza kabla ya kuyatoa. Hakuwa mzee kweli wakati ule. Leo nahesabu na kuona alikuwa na umri mdogo kuliko nilio nao mimi sasa. "Editha," alikuwa akiniambia, "mbao ina njia yake. Ukiisugua kinyume itakununia, na utaiona imenuna mpaka siku ya harusi." Saa sita mchana mkewe, Mama Godelive, alishuka na sufuria iliyofungwa kwa kitenge: ndizi za kupika na maharage, siku nyingine kisamvu. Alileta pia jagi la pombe ya mtama kwa ajili ya wateja. Alimimina kidogo, akanywa yeye kwanza, ndipo akamkabidhi mteja. Kwetu ni desturi. Mwenye nyumba huonja mbele ya macho ya mgeni, ili mgeni ajue hamna kitu humo ndani. Nilikuwa nimeiona desturi ile maisha yangu yote bila kujiuliza inasema nini juu yetu. Watu wanaopendana, na bado kila kikombe kinahitaji shahidi. Siku hizo niliona ni adabu tu, na chakula cha Mama Godelive kilikuwa kitamu kiasi kwamba ningekula hata bila kuonjewa.

Mambo yalianza na usafi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kama kila mwezi, tulitoka wote kwenye umuganda, kazi ya pamoja ambayo hakuna mtu mzima wa Kigali anayeikwepa. Mkuu wa mudugudu wetu, yaani mtaa wetu, alikuwa mtu mpole aliyependa usafi kuliko usingizi. Alisimama juu ya jiwe, akanyoosha kidole ziwani. "Hii mafunjo iko inareta mbu," alisema. "Iko inaficha nyoka, iko inaficha wezi. Leo tunakata yote, ziwa yetu ionekane kama ziwa ya watu." Tukapiga makofi. Mzee Ladislas peke yake aliinua mkono. Panga lake lilikuwa safi, hakuwa amekata hata shina moja. "Mheshimiwa, mafunjo ndiyo inachuja maji," alisema. "Sisi kule Burundi tuliona. Ukiitoa, tope yote ya mlima inaingia ndani, na maji ya vyoo pia. Samaki itakufa." Kijana mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya kusikika, "Sha, huyu anatetea maficho yake." Kila mtu akacheka. Nilicheka na mimi, nikaogopa mzee asije akaniona, nikainama nikaendelea kukata.

Nilifyeka kwa bidii siku ile, na sitasema uongo: lilipendeza. Tulipanda nyasi fupi za bustani pale palipokuwa na mafunjo, tukapaka mawe chokaa. Kwa miezi miwili maharusi walishuka kupiga picha pale, magauni meupe yakiburuzika kwenye nyasi, na Mama Godelive akauza soda. Mkuu wa mudugudu alikuja na wageni kutoka mitaa mingine kuwaonyesha. Nakumbuka nilijivunia. Hakuna mji unaojua kufagia kama mji wetu, na hatukuwa tumewahi kufikiri kwamba kuna kitu kinachoweza kufa kwa kufagiwa.

Kisha mvua za masika zikanyesha. Maji ya ziwa yakawa na rangi ya chai ya maziwa, na safari hii rangi haikuondoka mvua ilipokatika. Baada ya tope kikaja kijani, utando mzito kama ngozi ya uji uliopoa, na harufu. Jumapili moja asubuhi, watu wakielekea misa, samaki walikuwa wanaelea matumbo juu, ukingo mzima. Tulisimama pale na nguo zetu nzuri. Hakuna aliyeikumbuka ile siku ya mapanga. Shangazi yangu aliziba pua kwa kitambaa, akasema maneno yaliyozunguka mlima mzima kabla ya jua kutua: "Samaki hafi bila mtu. Hii ni sumu."

Chumba nilicholala kilitenganishwa na jiko la shangazi kwa ukuta wa matofali mabichi, na jioni zile zote nilisikiliza. Wanawake walikuja kuomba moto au chumvi na wakabaki. Walianza na waosha magari. Wakahamia kwa mfuga kuku mmoja anayetumia dawa nyingi. Wakafika kwa tuliorudi kutoka uhamishoni: kwanza waliotoka Uganda, ambao walisemekana wana pesa na kiburi, halafu kwa waliotoka Burundi. Sisi tuliotoka Tanzania tulisalimika, nadhani kwa sababu jiko lilikuwa letu. Mifereji yetu hakuna aliyeitaja. Maji ya bafu letu yalishuka kwa mfereji mpaka ziwani, na ya jirani vilevile, na ya choo cha jirani yake. Zamani yalipita kwanza kwenye mafunjo, sasa yaliteleza juu ya nyasi zetu nzuri moja kwa moja. Ningeweza kuuona mfereji ule kwa kutoa kichwa dirishani. Sikutoa kichwa. Nilikuwa nasikiliza nani atatajwa.

Asubuhi moja niliwahi kazini na nikamwona Mzee Ladislas amechuchumaa ukingoni. Alikuwa na kopo la vanishi lililofungwa kamba. Aliliinua, akatazama kushoto na kulia, akaingia nyuma ya karakana upesi kama mtu aliyeiba kuku. Sikumuuliza. Kumuuliza kungekuwa rahisi. Alikuwa mtu wa kuulizika. Siku nzima nilimtazama mgongo na nikaona mambo mapya kila saa: mbona leo haimbi, mbona amenawa mikono mara mbili, mbona stoo ina kufuli wakati mbao zenyewe zinalala nje? Kufuli lile halikuwa na siri, ufunguo ulining'inia kwenye mkufu wa Mama Godelive, mimi tu sikuwa nimewahi kulifikiria. Mchana alipokwenda kutafuta maji ya kunawa, niliweka jicho kwenye ufa wa mlango. Kulikuwa na rafu, na juu ya rafu chupa za kioo zimefunikwa kitambaa, na mahali kitambaa kilipokunjuka niliona kitu cha kahawia.

Jioni, tukila, nilimwambia shangazi. Nilisema bila uzito, kama mtu anayepitisha chumvi. Kwamba nimemwona na kopo la vanishi majini alfajiri. Kwamba ana chupa nyuma, amezificha chini ya kitambaa. Shangazi aliacha kutafuna. "Mana yanjye, Mungu wangu," alisema. "Na wewe unakula kwake kila siku?" Nilijisikia mtu muhimu kwa mara ya kwanza tangu nifike Kigali. Hilo ndilo limenichukua miaka kulikiri. Sikusema kwa sababu niliogopa sumu. Nilisema kwa sababu jikoni kwa shangazi mwenye habari hupewa kiti.

Siku iliyofuata wateja walianza kukataa jagi. Mama Godelive alimimina, akanywa, akatoa, na watu wakasema wana haraka, wana dawa wanameza, wamefunga. Akanywa tena, mara ya pili, funda kubwa, macho yake kwa mteja. Mteja akaondoka. Alimimina pombe yote chini, taratibu.

Siku mbili baadaye Mama Godelive alisahau kufuli wazi. Nilikuwa peke yangu. Niliingia stoo nikijiambia kwamba natafuta msasa. Nikatoa kitambaa. Zilikuwa chupa kumi au kumi na mbili, zile pana za mayonezi, na kila moja ilikuwa na karatasi iliyobandikwa na maneno ya penseli ya seremala. Ya kwanza iliandikwa: siku ya kukata. Chini yake kulikuwa na tope jembamba, unene wa ukucha. Ya pili: mvua ya kwanza. Tope lilifika nusu ya kidole. Ya tatu, ya nne, na kila moja alikuwa ameichorea mstari kwa rula, na mstari ulikuwa unapanda. Ya mwisho tope lake lilikuwa vidole viwili na juu yake maji ya kijani. Alikuwa anapima. Alichekwa mbele ya mudugudu mzima, akarudi karakanani, akaanza kukusanya ushahidi kimyakimya kama fundi anavyokusanya vipimo kabla ya kukata ubao. Ndiyo maana aliangalia kushoto na kulia: hakutaka kuchekwa tena. Nilielewa yote pale pale, nimesimama na kitambaa mkononi. Hakuna siku katika maisha yangu nimeelewa jambo vizuri kama siku ile.

Nilirudisha kitambaa kama kilivyokuwa, nikatoka. Umuganda uliofuata ulikuwa keshokutwa yake, na baada ya kazi huwa kuna mkutano. Nilikuwa na siku mbili. Nilijiambia nitamwambia shangazi, na kila nilipofungua mdomo niliona uso wake utakavyokuwa: jana ulisema hivi, leo unasema vile, nani kakununua? Kwetu anayebadili maneno hushukiwa kuliko aliyesemwa mwanzo. Na mimi nilikuwa nimekula kwake mwaka karibu mzima. Wangesema amenilisha kitu.

Mkutano ulikaa kwenye zile nyasi zetu, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Mkuu wa mudugudu hakufurahia kazi aliyokuwa nayo, niliona. "Ladislas," alisema, "watu iko wanasema una chupa ndani ya stoo. Chini ya kitambaa. Ni kweri au si kweri?" Mzee Ladislas alinyanyuka. Kabla hajajibu aligeuza kichwa, akatazama upande wa wanawake, akatazama muda mrefu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mkewe. Nilitazama chini, nikahesabu majani. Akasema, "Ni kweli. Nendeni mlete." Zikaletwa kwenye toroli. Alijaribu kueleza, hii ya kabla ya mvua, hii ya baada, angalieni mstari, lakini vijana walikuwa wanapiga kelele kwamba hiyo ndiyo sumu yenyewe. Ndipo alipofungua ile chupa ya mwisho, ya kijani. Aliiinua mbele yetu kama anavyofanya mwenye nyumba kwa mgeni, akanywa funda moja. Akafuta mdomo. "Hii ni maji yenu," alisema. "Nimeonja. Sasa nani mwingine?"

Nilifikiri yamekwisha. Kwa desturi yetu yalipaswa kuisha. Lakini mama mmoja, simkumbuki jina na nashukuru kwamba simkumbuki, alisema kwa utulivu kabisa: "Aliyepika sumu anajua dawa yake." Nikasikia watu wakivuta pumzi na kuafiki, yego, yego, na hapo nikajua kwamba hakuna kitu mtu yule angeweza kufanya tena duniani kikamsaidia. Mmoja tu angeweza kumsaidia, na alikuwa anahesabu majani. Sikusimama. Mkuu aliamua, kwa upole wake, kwamba kwa ajili ya amani Ladislas ahamishe karakana kabla ya mwezi kwisha. Mzee aliugua tumbo wiki nzima kwa maji yale, na watu wakasema, mnaona?

Walihamia Rebero, ng'ambo ya mji. Nilisaidia kupakia mbao. Mzee aliniambia nitunze mikono yangu, kwamba nina mkono mzuri wa msasa. Mwaka huohuo ziwa liliendelea kufa bila yeye. Tope lilipanda, gugu maji likaja, ndege wakahama, na kabla sijatimiza miaka thelathini pale palikuwa na uwanja wa matope ambamo watu walitupa matairi. Hakuna aliyeitwa mkutanoni kwa ajili hiyo. Sasa wamekuja wataalamu vijana wenye buti ndefu, wamechimbua tope, wanapanda mafunjo kwa mistari, na kuna ubao unaokataza mtu kukata hata shina. Mwezi uliopita nilipita pale kijana mmoja akanieleza kwa heshima, kama mtu anayemfundisha bibi yake, "Mama, haya ndiyo yanachuja maji." Nilimwuliza ameyajulia wapi. Nilikuwa nashuku, hata pale, kwamba kuna mtu kamtuma aniambie.

Nilijua Mzee Ladislas anaumwa. Nilijua tangu mwaka jana. Nilipanga kwenda mara tatu na mara tatu nikapata sababu.

Msibani Rebero viti vya plastiki vilijaa uani na sebuleni. Sebule ilikuwa na makabati aliyoyatengeneza yeye, vanishi yake bado inang'aa, na picha yake ukutani akiwa na suti asiyoizoea. Nilikaa kidogo, kisha nikaenda jikoni kusaidia, maana jikoni mtu hatazamwi. Godelive alikuwa anapakua wali. Nilimwambia pale pale, haraka, tukiwa tumeshika sahani: kopo, ufa wa mlango, shangazi, chupa, na kwamba nilisoma zile karatasi kabla ya mkutano. Hakunipigia kelele. Aliweka mwiko chini. "Kwa nini unaniambia leo?" aliuliza. "Unataka nini?" Nilimwambia sitaki kitu. Aliniangalia jinsi ninavyowaangalia watu. "Basi ngoja," alisema. "Utamwambia Mama."

Mama Godelive aliingia akiegemea mlango, kitenge cha msiba kimefungwa kiunoni, amekuwa mdogo. Ilinibidi kusema yote upya, na mara ya pili maneno yalikuwa machache na mabaya zaidi. Alisikiliza akifuta sahani zilizooshwa, moja baada ya nyingine. Nilipomaliza aliendelea kufuta.

"Zile chupa tulizijua watu wawili," alisema mwishowe. "Yeye na mimi. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Alinikataza nisimwambie mtu. Siku ya mkutano aligeuka akaniangalia. Ulikuwa nyuma yangu, uliona."

"Niliona, Mama. Nilidhani ananiangalia mimi."

"Oya, si wewe. Ni mimi." Aliinua sahani, akaitazama kwenye mwanga, akaifuta tena. "Hakuniuliza hata siku moja. Lakini tangu tuhame hakunieleza tena kitu cha kazi yake. Namletea chakula, anasema asante sana, kama mtu yuko hotelini. Miaka yote hiyo. Nikasema labda ni ziwa, labda ni aibu, itapita. Halafu Ijumaa, ile jioni ya mwisho, nilikuwa nampa maji, nikapata nguvu. Nikamwambia, Ladislas, mbele ya Mungu, si mimi niliyesema."

Godelive alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Sebuleni walikuwa wameanza wimbo.

"Alinishika mkono," Mama Godelive alisema. "Akaniambia, usijisumbue, mama, nilishakusamehe zamani."